Bia Chungu na Chungu cha Impeke

Mwingereza anayetaka kupika bia nyumbani kwake siku hizi mara nyingi huanzia dukani. Hununua chupa ya bia anayoipenda, tuseme London Pride, huionja polepole, huitazama rangi yake kwenye mwanga, kisha hufungua kitabu kinachomweleza ni nafaka ipi, maua kiasi gani na siku ngapi za kusubiri zitakazompa kinywaji kinachokaribia kile cha kwenye chupa. Aina ya bia ninayoizungumzia Waingereza huiita bitter, neno lenye maana ya "chungu", nami katika insha hii nitaiita bia chungu.

Huku kwetu Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, mama anayepika impeke haanzi na chupa wala kitabu. Huanza na mtama, maji, kuni, na yale aliyoyaona mikononi mwa mama yake. Ukimuuliza anaiga bia ya kiwanda gani, atakucheka.

Tofauti hii ndiyo iliyonipa swali la insha hii. Ilikuwaje watu waliopika bia majumbani kwa karne nyingi wakafika mahali pa kujifunza upya kutoka kwenye chupa? Na sisi wa mwambao huu tuko mbali kiasi gani na mahali hapo? Hoja nitakayoitetea ni kwamba uchungu uliipa bia maisha marefu, maisha marefu yakaitoa nyumbani, na sheria ikafunga mlango nyuma yake. Kwetu mlango huo haujafungwa, lakini unasukumwa.

Vinywaji viwili, ukoo mmoja

Kabla ya kuingia katika historia ni vizuri tuangalie upishi wenyewe, kwa sababu wengi hudhani bia ya Ulaya na pombe ya mtama hazina undugu wowote.

Bia chungu hutokana na shayiri. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa kwa joto. Nafaka iliyochipuzwa hivyo Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: kimea. Kimea huparazwa na kuchanganywa na maji yenye joto la nyuzi 65 hadi 68, kikaachwa kwa muda wa saa moja au zaidi. Katika muda huo wanga hugeuka kuwa sukari. Maji matamu huchujwa, machicha hutupwa au hupewa mifugo, na maji hayo huchemshwa kwa saa moja hadi moja na nusu pamoja na maua ya mmea unaoitwa hopsi. Maua yanayotiwa mwanzoni huleta uchungu, na yanayotiwa mwishoni huleta harufu. Waingereza wanaopenda ladha ya zamani hutumia aina kama Fuggle na Golding, ambazo zimelimwa kwa miaka mingi katika jimbo la Kent. Maji yakishapoa hutiwa chachu na kuachwa kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20 kwa wiki moja hivi. Kinachopatikana kina rangi ya shaba, povu dogo, na kilevi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 5.

Sasa tuje kwenye impeke. Mtama hulowekwa, huchipuzwa, huanikwa juani na kusagwa. Mpaka hapo hakuna tofauti ila ya nafaka na jua. Wanga wa mtama huhitaji joto kubwa kuliko wa shayiri ili ulainike, kwa hiyo mpishi hupika uji kwanza, na kimea kingine hukiongeza uji ukishapoa kiasi. Akifanya kinyume, akachemsha kimea chote, utamu hautoki. Mama wa mtaani kwetu aliyenieleza jambo hili hakutaja kemia hata mara moja. Alisema tu kwamba kimea "kikiungua kinakufa". Ukweli ni kwamba kemia inasema hivyo hivyo: joto kubwa mno huua vile vitu vilivyomo ndani ya kimea vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Baadaye hutiwa kimea cha ulezi au masalio ya pombe iliyotangulia ili ianze kuumuka, na baada ya siku moja au mbili iko tayari. Hunywewa ingali hai, inatoa mapovu, mara nyingi kwa mirija ambayo Kirundi huiita imiheha, watu wamezunguka chungu kimoja.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ni uchungu. Impeke haina hopsi. Ladha yake kali hutokana na uchachu, na pia na ule ukakasi wa mtama mwekundu unaokausha ulimi. Hata hivyo, wazo la kutia mmea mchungu katika pombe si geni katika nchi zetu. Nchini Rwanda watafiti waliochunguza pombe ya mtama iitwayo ikigage wameonyesha kwamba chachu yake ya kienyeji huandaliwa pamoja na majani, yakiwemo ya mubirizi, mti ambao kila mtoto wa Burundi aliyewahi kunyweshwa dawa yake anaujua kwa uchungu. Tofauti ni kwamba mubirizi haukuwahi kuifanya pombe idumu miezi. Hopsi zilifanya hivyo, na hapo ndipo historia inapogeuka.

Uchungu uliotoa bia nyumbani

Uingereza ya zamani haikuwa na hopsi katika kinywaji chake cha kila siku. Watu walikunywa pombe ya shayiri iliyofanana na yetu katika jambo moja muhimu: iliharibika baada ya siku chache. Kitu kinachoharibika upesi hakiwezi kusafiri mbali wala kuwekwa ghalani kikingoja bei. Kwa hiyo kila mtaa ulihitaji wapishi wake, na wapishi hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Walipika kwa ajili ya nyumba zao, na ziada wakaiuza mlangoni.

Hopsi ziliingia Uingereza kutoka nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo, karibu na mwaka 1400, na zikaenea katika karne iliyofuata. Ua hili lina sifa ya kuzuia vijidudu vinavyochachusha bia. Bia iliyochemshwa nalo ilidumu miezi badala ya siku. Mwenye mtaji aliweza sasa kupika mapipa mengi kwa mara moja, kuyahifadhi, kuyasafirisha kwa mto au kwa meli, na kuyauzia majeshi. Mwanahistoria Judith Bennett, katika utafiti wake juu ya wapishi wanawake wa Uingereza kati ya mwaka 1300 na 1600, ameonyesha jinsi kazi hii ilivyotoka hatua kwa hatua mikononi mwa wanawake na kuwa biashara ya wanaume. Hopsi hazikuwa sababu pekee. Mtaji, vyama vya wafanyabiashara na sheria za miji navyo vilichangia. Lakini bila kinywaji kinachodumu, mtaji huo usingekuwa na cha kushika.

Ninaliona jambo hili kuwa muhimu kwa sababu tumezoea kusimuliwa historia ya viwanda kana kwamba ilianza na mashine. Katika bia ilianza na ua, na waliopoteza kwanza walikuwa akina mama ambao biashara yao ilisimama juu ya kinywaji cha siku tatu.

Miaka 83

Pamoja na hayo, upishi wa nyumbani haukufa Uingereza. Katika mashamba na nyumba kubwa uliendelea mpaka karne ya 19. Kilichokuja kuubana ni kodi. Mwaka 1880 serikali ya Gladstone ilifuta kodi ya kimea na kuweka mahali pake kodi juu ya bia yenyewe. Ili kodi hiyo ikusanywe, ilibidi serikali ijue nani anapika, na kwa hiyo hata aliyepika kwa matumizi ya nyumbani kwake alitakiwa awe na leseni. Hakuna mtu aliyekatazwa waziwazi. Ilitosha kuweka karatasi na ada kati ya mtu na chungu chake. Mwaka baada ya mwaka wenye leseni walipungua, na bia ya kiwandani ilikuwa tayari imefika kila kona kwa reli.

Leseni hiyo ilifutwa mwaka 1963 na Waziri wa Fedha Reginald Maudling. Kutoka 1880 hadi 1963 ni miaka 83, yaani vizazi vitatu. Mlango ulipofunguliwa, waliotaka kuingia wengi hawakuwa na bibi wa kumuuliza. Walilazimika kununua pakiti za kimea kilichokolezwa, kusoma maelekezo ya nyuma ya kopo, na kubahatisha. Nchini Marekani mambo yalichelewa zaidi: sheria ya taifa iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani bila kodi ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978.

Wakati huohuo viwanda vikubwa vya Uingereza vilikuwa vinaiondoa sokoni bia ya pipa iliyokuwa hai na kuweka bia iliyochujwa na kujazwa gesi. Mwaka 1971 wanywaji walianzisha chama cha kuitetea bia ya zamani, CAMRA, ambacho kiliita bia ya kweli ile inayoendelea kuumuka ndani ya chombo inamonywewa. Na mwaka 1978 mwandishi Dave Line alitoa kitabu ambacho jina lake linaeleza hali yote: lilimwahidi msomaji kwamba atapika bia kama zile anazozinunua. Humo mlikuwa na maelekezo ya kuigiza bia za kampuni zinazojulikana, moja baada ya nyingine.

Sisemi haya kwa kuwabeza. Wapishi hao wa nyumbani walifanya kazi ya heshima. Walichukua chupa na kuirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka wakaufikia tena ujuzi uliokuwa umepotea. Lakini tuangalie walichokuwa wanakitafuta: kinywaji kilicho hai, kisichochujwa, kinachoumuka mbele ya mnywaji, kinachopikwa na mtu unayemjua. Ufafanuzi wa CAMRA ukiusoma ukiwa Rumonge, unaielezea impeke.

Upande wetu wa ziwa

Katika Burundi ya wafalme, mtama haukuwa nafaka tu. Kila mwaka, kwenye Desemba, ilifanyika sherehe ya Umuganuro, ambayo mfalme alionja mtama na kufungua msimu wa kuupanda, ngoma zikipigwa. Pombe ya mtama ilikuwa ndani ya mfumo wa utawala wenyewe. Umuganuro ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Mwami Mwambutsa, kwa shinikizo la wamisionari na utawala wa Kibelgiji. Chungu cha nyumbani kiliendelea, lakini heshima yake ya kitaifa iliondoka.

Pembeni mwa impeke ilikuwapo, na ingalipo, pombe ya ndizi, urwarwa. Ndizi huvundikwa shimoni, hukamuliwa kwa majani makavu ndani ya umuvure, hori refu la mti ambalo mtu wa mwambao akiliona mara ya kwanza hudhani ni mtumbwi. Maji yake huchanganywa na unga wa mtama, na baada ya siku mbili tatu huwa tayari. Mara nyingi kazi hiyo ni ya wanaume, wakati impeke ni ya wanawake. Sehemu kubwa ya ndizi za Burundi huishia humo.

Majirani zetu waliotawaliwa na Waingereza waliupata mlango ule wa sheria mapema. Katika miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijipa ukiritimba wa kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, na mwanamke aliyepika nyumbani akawa mhalifu. Wakati huohuo Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kunywa bia ya chupa ya Wazungu mpaka mwaka 1947. Justin Willis, aliyeandika historia ya pombe katika Afrika Mashariki, ameonyesha vizuri jinsi swali la nani anywe nini lilivyokuwa swali la nani atawale nani. Kiwanda cha Kenya Breweries kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1922 na walowezi wa Kiingereza. Mtu angetarajia kwamba bia chungu ya kwao ndiyo ingeshika soko. Haikuwa hivyo. Tusker iliyoshinda ni laga, bia nyepesi inayonywewa baridi, na uchungu wake ni mdogo.

Kwetu sisi kilichobadilisha mambo zaidi ni kiwanda cha upande wa Kongo. Bia ya Primus ilianza kupikwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1926. Mwaka 1955 kampuni iliyoimiliki ilifungua kiwanda Usumbura, mji tunaouita sasa Bujumbura, na hicho ndicho kilichokuja kuwa Brarudi. Leo kampuni ya Heineken ya Uholanzi inashikilia sehemu kubwa ya hisa na Serikali ya Burundi inashikilia iliyobaki. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 70 kwa barabara inayofuata ziwa. Chupa ya Primus ya sentilita 72 ilisafiri njia hiyo bila kuharibika kwa sababu ndani yake mlikuwa na hopsi na kiwandani kulikuwa na mashine za kuua vijidudu. Impeke ya Rumonge haikuweza kwenda Bujumbura. Hesabu ya Uingereza ya karne ya 15 ilijirudia kwenye mwambao wetu katika karne ya 20.

Jina linavyofanya kazi

Kirundi kina neno moja, inzoga, kwa vinywaji vyote hivi. Impeke ni inzoga, urwarwa ni inzoga, Primus nayo ni inzoga, na ndiyo maana mazungumzo ya posa yanaweza kufanywa kwa chupa au kwa chungu bila maneno kubadilika. Kiswahili tunachokizungumza Rumonge kimegawanya mambo. Cha kiwandani ni bia, neno lililotoka Ulaya. Cha nyumbani ni pombe, na likiongezwa neno la pili huwa pombe ya kienyeji. Bia ina kodi, ina bei ukutani, ina jokofu. Pombe ya kienyeji ina shaka. Nafaka ni ileile iliyochipuzwa, lakini jina moja linampa mpishi cheo cha mtaalamu na lingine linamwacha awe mama wa uani.

Hapa lazima niseme neno kwa wasomaji wa nyumbani. Rumonge ni mji wenye Waislamu wengi, na kwa muda mrefu nchini Burundi Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya Waislamu na wafanyabiashara wa ziwa, kuanzia enzi za misafara ya Ujiji. Wapo wazee watakaoona kwamba mada hii haistahili kuandikwa kwa lugha hii. Ninauheshimu msimamo wao, na ninajua pia jinsi ulevi unavyobomoa nyumba. Lakini kueleza historia ya kitu si kukipigia debe. Wanawake waliosomesha watoto kwa fedha ya impeke ni sehemu ya historia ya mji huu, na wengi wao wanazungumza Kiswahili.

Ujuzi usiobebwa kwa mkono

Kama upo wakati ambapo mnyororo wa ujuzi ungeweza kukatika kwetu, ni mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo mashambulizi yalianzia katika eneo letu la kusini, Rumonge ikiwemo, na watu wengi wakauawa. Ukandamizaji uliofuata ukaua watu wengi zaidi nchi nzima. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Tanzania na Kongo. Wengi waliokwenda Tanzania waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na sehemu yao walirudi baada ya mwaka 2008, wakakuta mashamba yao yana watu wengine. Mashauri ya ardhi ya Rumonge yanajulikana na kila Mrundi.

Mama niliyemtaja, aliyenieleza kuhusu kimea kinachokufa, alizaliwa Ulyankulu. Wazazi wake hawakuondoka na chungu wala mbegu. Mama yake alimfundisha kupika kwa mtama wa Tabora, kwa kuni za Tabora, akimwambia kila mara kwamba kule nyumbani mtama ni mwekundu zaidi na ukakasi wake ni mwingi. Kwa hiyo alijifunza kupika kinywaji kimoja na kusimuliwa kingine. Aliporudi Rumonge na kupata mtama aliosimuliwa, alipunguza muda wa kuuchipuza mpaka ladha ikafanana na maneno ya mama yake. Huyu naye alikuwa anaiga, kama Mwingereza na chupa yake. Ila kilichokuwa mbele yake ni kumbukumbu ya mtu, na mtu huyo alikuwa bado hai kumwambia amekaribia au amepotea.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya historia hizi mbili. Vita na ukimbizi wa zaidi ya miaka 30 havikufanya kilichofanywa Uingereza na leseni ya miaka 83. Ujuzi unaofundishwa ndani ya nyumba huweza kuvuka ziwa. Unachoshindwa kuvuka ni kizazi kinachoona haya kuurithi.

Nani anamuiga nani sasa?

Tukitaka kupika bia chungu ya Kiingereza Rumonge leo, tutakwama kwenye hopsi. Mmea huu hupenda nchi zenye siku ndefu za kiangazi, na kwetu, nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, mchana una saa zipatazo 12 mwaka mzima. Tutalazimika kuziagiza, pamoja na shayiri iliyotayarishwa, kwa fedha za kigeni. Tatizo hilohilo ndilo la kiwanda. Miaka ya karibuni uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta umefanya Primus na Amstel ziadimike mara kwa mara, na wanywaji wamepanga foleni kwa kitu ambacho zamani kilijaa kila duka. Katika majuma hayo impeke haikuadimika, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachopita bandarini.

Kiwanda chenyewe kimeliona hilo. Brarudi iliwahi kutoa bia iliyopikwa kwa mtama wa wakulima wa Burundi, ikaiita Nyongera. Hapo chupa ndiyo iliyokuwa inakiiga chungu. Sina ubaya na jambo hilo, kwani wakulima walipata soko. Lakini tukumbuke njia ilikopita Uingereza. Kiwanda kikishaichukua nafaka na ladha, kinachobaki nyumbani ni jina baya, na sheria ya kulifuata jina baya haichelewi.

Kuna watakaonijibu kwamba sheria inahitajika kwa sababu pombe za nyumbani huua. Hoja hii ina ukweli na ina mchanganyiko. Kanyanga, ambayo hupatikana kwa kukusanya mvuke, ina kilevi kikubwa na ikikosewa ni sumu. Impeke haikusanywi mvuke. Kilevi chake ni kidogo na maji yake yamechemshwa. Hatari yake iko kwenye vyombo vichafu, na kwenye sukari na vitu vingine ambavyo wauzaji wasio waaminifu huongeza ili iwahi. Hatari hizo hutibiwa kwa mafunzo na ukaguzi. Sheria inayozitia impeke na kanyanga katika kapu moja inamwadhibu aliyechemsha maji pamoja na ambaye hakuchemsha, na inamfundisha yule wa kwanza kwamba uangalifu haulipi.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Wanafunzi wa historia na wa lugha katika vyuo vyetu waandike upishi huu kama wanavyoandika nasaba na vita: aina za mtama na majina yake, idadi ya siku za kuchipuza wakati wa mvua na wakati wa jua, kipimo cha kimea cha ulezi kwa kila debe la uji, dalili za pombe iliyoiva na iliyoharibika, majina ya vyombo kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kila kipimo kiandikwe kwa maneno ya anayepika kwanza, halafu kwa nyuzi na lita. Wapishi hao watajwe kuwa chanzo, kama anavyotajwa profesa.

Dave Line alilazimika kuandika kitabu chake akitazama chupa. Kitabu chetu bado kinaweza kuandikwa kwa kumtazama mtu anayepika, na kumuuliza pale tusipoelewa. Waliobaki wenye ujuzi kamili mtaani kwetu, ninaowafahamu mimi, ni akina mama wanne, na mdogo wao amekwisha pata wajukuu.